Ua Lisilo Airisi: Historia ya Jina na Utambuzi wa Mmea katika Nyanda za Likuyani

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu ua moja na majina yake. Ua lenyewe ni la rangi ya zambarau, lenye madoa ya manjano karibu na kitovu chake, nalo huchanua katika nyasi za miinuko ya Afrika ya Mashariki, hasa mahali panapotuama maji kwa msimu. Wasemaji wa Kiingereza wamezoea kuliita airisi ya mwituni, na wale miongoni mwetu waliosomea elimu ya viumbe kwa Kiingereza wamelipokea jina hilo bila kulihoji. Mfano wetu tutauchukua Likuyani, sehemu ya kaskazini ya Kaunti ya Kakamega, inayopakana na Trans Nzoia na Uasin Gishu. Hapo Mto Nzoia hupita katika nchi ya mahindi, na mabonde yenye majimaji yangali yakionekana kati ya shamba na shamba.

Tuna hoja tatu. Kwanza, ua hilo si airisi, na kosa hilo la jina lina historia inayoweza kufuatwa. Pili, Kiswahili, ambacho kimejaliwa majina mengi ya maua, hakikuwa na sababu ya kulitaja ua hili hadi kilipofika bara, na hata kilipofika hakikupewa kazi hiyo. Tatu, maadam jina halijakaa bado katika kamusi zetu, tunayo nafasi ambayo lugha nyingi hazikuipata: nafasi ya kutambua kwanza, kisha kutaja. Wasomaji wa jarida hili ni wanaisimu, si wataalamu wa mimea. Walakini swali la jinsi kitu kinavyopata jina ni swali letu kabla ya kuwa lao.

2. Nchi yenyewe na watu wake

Haitawezekana kueleza jina la ua bila kuwaeleza walioliona. Mwishoni mwa karne ya 19 miinuko ya Uasin Gishu ilikuwa malisho na mawindo. Baada ya Waingereza kuitwaa, ilifanywa sehemu ya zile nyanda zilizotengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Mwaka 1908 Makaburu wa msafara wa Van Rensburg walifika Uasin Gishu kutoka Afrika ya Kusini wakiwa na magari yao ya kukokotwa na maksai. Mji walioufanya makao yao, Eldoret, ulianzia katika shamba lenye namba 64, na Waafrika wakaigeuza namba hiyo ya Kiingereza kuwa Sisibo. Kaskazini, palipojengwa daraja juu ya Nzoia, pakaitwa kwa jina la mlowezi Hoey. Leo panaitwa Moi's Bridge.

Mwaka 1962 ulianza mpango wa kuyanunua mashamba ya walowezi na kuyagawa kwa wakulima Waafrika, mpango uliojulikana kwa kipimo chake cha ekari milioni moja. Katika eneo la Lugari na Likuyani watu wakahamia kutoka sehemu mbalimbali za Uluhya na kwingineko. Jirani wa Mmaragoli akawa Mbukusu, na jirani wa huyo akawa Mtiriki au Mnandi. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu ya mahindi chotara namba 611, na nyasi zilizosalia zikaanza kugeuzwa matuta. Likuyani ilipata jimbo lake la ubunge, likitengwa na la Lugari, kwa uchaguzi wa mwaka 2013.

Historia hii inatuhusu kwa sababu moja ya kiisimu. Katika vijiji vilivyoundwa kwa namna hiyo, mmea mmoja ulio kwenye mpaka wa mashamba mawili unaweza kuwa na majina mawili au matatu, kila moja likifahamika ndani ya nyumba tu. Majirani wanapozungumza juu ya mbegu, ng'ombe au dawa ya kupulizia, aghalabu huzungumza Kiswahili. Kwa hiyo Likuyani si pembezoni mwa Kiswahili kwa maana tuliyoizoea. Ni mahali ambapo Kiswahili kinatakiwa kufanya kazi ya kutaja vitu ambavyo Pwani haikuvijua.

3. Jina lilivyosafiri

Jina Iris ni la Kiyunani. Wayunani waliuita hivyo upinde wa mvua, na mungu wao wa kike aliyekuwa mjumbe, na pia ua lenye rangi nyingi. Linnaeus aliliweka jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1753, ambacho wataalamu wa mimea hukitumia kama mwanzo wa majina yao. Leo jenasi ya Iris ina spishi zipatazo 300. Makao yao ni nusu ya kaskazini ya dunia: Ulaya, Asia, Marekani ya Kaskazini, na ukanda wa Afrika unaopakana na Bahari ya Kati. Kusini mwa Sahara hakuna hata spishi moja ya Iris iliyo ya asili. Kwa hiyo yeyote aliyeona airisi ya mwituni Likuyani aliona kitu kingine.

Kitu hicho kingine kina ukoo uleule. Ukoo huo wataalamu huuita Iridaceae, na una spishi zaidi ya 2,000, ambazo zaidi ya nusu yake zimo kusini mwa Afrika. Yafaa jambo hili lizingatiwe: ukoo umepewa jina la ndugu wa kaskazini, ilhali wengi wa ndugu wako kusini. Aliyetangulia kuandikwa ndiye aliyeupa ukoo jina.

Jenasi ya Kiafrika inayofanana mno na Iris ni Moraea, na kisa cha jina hilo kinastahili kusimuliwa mbele ya wanaisimu. Mwaka 1758 mtunza bustani Mwingereza, Philip Miller, aliipa mimea ya namna hiyo jina Morea, kwa heshima ya rafiki wa elimu aliyeitwa Robert More. Mwaka 1762 Linnaeus alilichukua jina hilo akaliongezea herufi moja, likawa Moraea. Mkewe alikuwa Sara Elisabeth Moraea, binti wa tabibu Johan Moraeus. Kwa herufi moja tu heshima ikahama kutoka kwa Mwingereza hadi kwa wakwe wa Linnaeus, na tahajia hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo. Katika mabishano hayo ua lenyewe, lililotoka Afrika, halikuulizwa liliitwaje lilikotoka.

Spishi inayotuhusu zaidi ni Moraea schimperi. Jina lake la pili linamkumbuka Wilhelm Schimper, Mjerumani aliyekwenda Ethiopia mwaka 1837 kukusanya mimea na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 1878. Mmea huo ulielezwa na Hochstetter mwaka 1844 chini ya jenasi nyingine, Hymenostigma, na Mtaliano Pichi-Sermolli akauhamishia Moraea mwaka 1950. Basi ua moja la Afrika limebeba majina ya watu wa mataifa kadhaa ya Ulaya kabla ya kubeba jina moja la Kiswahili.

Je, ni kwa nini wasemaji wa Kiingereza waliliita airisi? Sababu si ujinga. Uingereza ina airisi ya asili, Iris pseudacorus, inayochanua manjano kando ya mito na madimbwi. Mwandishi wa makala haya aliiona huko alipokuwa masomoni. Mlowezi aliyekulia karibu na mito ya namna hiyo, akafika kwenye bonde lenye majimaji barani Afrika, akaona petali tatu zilizoinamia nje na kitovu cha manjano, alilitaja lile alilolikumbuka. Makaburu walikuwa na kumbukumbu nyingine. Katika Afrika ya Kusini mimea kadhaa ya Moraea huitwa kwa Kiafrikana tulp, yaani tulipu, ua lililowashughulisha mno Waholanzi. Mwingereza aliona airisi, Mholanzi akaona tulipu, na wote wawili walikuwa wakitazama mmea wa jenasi ileile. Hapana ushahidi ulio bora kuliko huu kwamba jina la kigeni hueleza alikotoka mtazamaji kabla ya kueleza kinachotazamwa.

4. Utambuzi: ua hili latambuliwaje?

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba maelezo ya kibotania. Jibu bora kwa dai la namna hiyo ni kuyaandika maelezo yenyewe. Tutafanya hivyo kwa mimea minne ya ukoo huu ambayo mtu katika miinuko kama ya Likuyani, au kwenye bustani za huko, anaweza kuidhania kuwa airisi.

Hatua ya kwanza ni kujua kama ua ni la ukoo huu. Hesabu stameni, zile nyuzi zinazobeba chavua. Ukoo wa Iridaceae una stameni tatu, ilhali mayungiyungi ya nchi kavu na jamaa zake huwa na sita. Kisha tazama ovari, ambamo mbegu hufanyika: katika ukoo huu iko chini ya petali, si juu yake, isipokuwa kwa nadra sana. Petali ni sita, tatu za nje na tatu za ndani.

Hatua ya pili ni kutazama rangi na umbo la ua. Kama ni jekundu la machungwa au la manjano, limejifunika juu kama kofia, na maua kadhaa yamejipanga kwenye shina moja, hilo ni Gladiolus, na yaelekea ni Gladiolus dalenii, mmea ulioenea kutoka Afrika ya Kusini hadi Eritrea na kuvuka hadi magharibi ya Bara Arabu. Jina lake ni la Kilatini, maana yake upanga mdogo, kutokana na umbo la majani. Mmea huu ni mmojawapo wa wazazi wa yale maua makubwa yanayouzwa mijini kwa ajili ya arusi na mazishi. Kama ua ni dogo, la samawati iliyoiva, lina petali zinazofanana zote sita, hufunguka asubuhi na kujikunja ifikapo mchana, hilo ni Aristea.

Hatua ya tatu inawahusu wale wanaofanana na airisi hasa. Katika Iris, Moraea na Dietes, kishikio cha stigma hugawanyika matawi matatu mapana kama petali, na kila tawi hufunika stameni moja. Mfanano huu ndio uliowapoteza wengi. Ili kuwatenganisha, yatupasa kuliacha ua na kutazama jani na kilicho ardhini. Iris kwa kawaida ina jani bapa kama upanga, lenye pande mbili zisizotofautiana, na petali zake zimeungana chini zikafanya mrija mfupi. Dietes ina jani la namna hiyo pia na shina linalotambaa chini ya udongo, lakini petali zake hazikuungana. Dietes iridioides, yenye maua meupe, hukaa kwenye kivuli cha msitu, na hupandwa mno bustanini. Moraea, kwa kawaida, ina jani lenye mfereji, ambalo mtu akilikata huona upande wa juu na upande wa chini. Petali zake ziko huru, na ardhini ina tunguu la mviringo lililovikwa nyuzi, ambalo kila mwaka hutoa nafasi kwa jingine jipya. Moraea schimperi ina jani moja tu refu la namna hiyo.

Msomaji ataona kwamba maelezo haya yamehitaji maneno machache ya mkopo, kama petali, stameni, ovari na stigma, ambayo shule zetu zimekwisha kuyazoea. Mengine yote, yaani mfereji, mrija, tunguu, nyuzi, kofia na upanga, tulikuwa nayo.

5. Kwa nini Kiswahili hakikuwa na jina?

Tukichunguza majina ya maua katika Kiswahili cha Pwani, tutaona kwamba mengi yanayotajwa sana ni ya maua yanayonukia: asumini, waridi, kilua, mkadi, langilangi, na majani ya mrehani. Haya ni maua ya kutungwa, ya kuvaliwa kichwani, ya kufungwa kikuba, ya kutandazwa kitandani. Ndiyo kusema kwamba utamaduni wa Pwani uliingia katika ulimwengu wa maua kupitia pua kabla ya jicho. Ua lisilotungwa wala kufukizwa halikuwa na pa kukaa katika msamiati huo, hata kama lingemea hapo karibu.

Ushahidi mwingine tunaupata katika tafsiri. Kiarabu kina neno sausani, linalotumika kwa airisi na maua yanayofanana nayo, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania linalotokea katika Wimbo Ulio Bora. Kiswahili, kilichokopa waridi na asumini kutoka upande huohuo, kingeweza kulikopa. Lakini wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, walichagua nyinyoro, neno lililokuwamo tayari katika Kiswahili. Uamuzi wao ulikuwa wa busara kwa shughuli yao, kwa kuwa walitafuta uzuri unaofahamika na msomaji, si spishi. Mwanakamusi hana ruhusa hiyo.

Wanakamusi wenyewe wamefanyaje? Kazi kubwa ilifanywa mapema. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937. Padri Charles Sacleux, aliyekuwa mwanaisimu na mkusanyaji wa mimea kwa pamoja, aliweka hazina ya majina ya mimea katika kamusi yake ya mwaka 1939. Heine na Legère wakaliendeleza jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1995. Hata hivyo kamusi zetu za lugha moja, ikiwamo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimezoea mara nyingi kuueleza mmea kwa maneno kama "aina ya mmea" au "aina ya ua". Fasili ya namna hiyo humwambia msomaji kwamba neno lipo, kisha humwacha njiani. Hakuna anayeweza kwenda bondeni na fasili hiyo mkononi akarudi na mmea.

Upande wa pili, wataalamu wa mimea walikuwa wakifanya kazi yao kwa lugha nyingine. Herbari ya Afrika ya Mashariki ilihamishwa kutoka Amani hadi Nairobi mwaka 1950. Kitabu cha Agnew juu ya maua ya mwituni ya miinuko ya Kenya kilitoka mwaka 1974 kwa Kiingereza. Ile kazi kubwa ya kueleza mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, nayo ni ya Kiingereza. Sehemu ya Iridaceae iliandikwa na Peter Goldblatt mwaka 1996. Kanuni za kimataifa zilidai maelezo ya spishi mpya yawe kwa Kilatini, na tangu mwanzo wa mwaka 2012 zimeruhusu Kilatini au Kiingereza. Kwa hiyo mlango rasmi wa sayansi haujafunguliwa kwa Kiswahili. Lakini mlango wa kamusi, wa shule na wa bwana shamba uko mikononi mwetu.

6. Hasara ya kutotambua

Huenda msomaji akauliza kama haya yote si anasa ya wasomi. Jibu liko katika jenasi ileile ya Moraea. Huko Rasi ya Afrika ya Kusini tunguu la Moraea fugax limekuwa chakula cha watu tangu zamani. Spishi nyingine za jenasi hiyo, kama Moraea polystachya, zina sumu inayodhuru moyo na zimeua ng'ombe na kondoo wengi. Jina moja la jumla, liwe airisi au "aina ya ua", huwaweka pamoja mmea unaolisha na mmea unaoua. Kadhalika matunguu ya Gladiolus dalenii hutumiwa kama dawa katika sehemu mbalimbali za Afrika. Mwanafunzi anayetumwa bondeni kulichimba, akiwa ameelezwa kwa lugha ya nyumbani asiyoifahamu vyema tena na kwa Kiswahili kisicholijua, ana kitu gani cha kumwongoza?

Hasara ya pili ni ya wakati. Mabonde yenye majimaji yanachimbwa mifereji ili yalimwe, na mengine yamepandwa mikaratusi inayofyonza maji. Mmea unaotegemea nyasi zilizolowa kwa msimu hauna pa kuhamia. Wazee waliohamia Likuyani miaka ya 1960 wakiwa watu wazima, wakiwa na majina ya mimea kutoka Maragoli, Bungoma au Nandi, wamebaki wachache. Mmea na jina lake vinaweza kutoweka katika kizazi kimoja, na kinachokwenda kwanza mara nyingi ni jina.

7. Pendekezo

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza ni kwamba neno airisi litumike katika Kiswahili kwa jenasi ya Iris peke yake, yaani mmea wa kigeni unaopandwa bustanini, wala lisibandikwe kwenye mimea ya asili ya nchi yetu. Kosa tulilolirithi katika Kiingereza hatuna wajibu wa kulitafsiri.

La pili ni kwamba kabla ya kuunda istilahi, majina yakusanywe katika lugha za jirani, kwa utaratibu wa mmea mkononi: mkusanyaji awe na ua, jani na tunguu, si picha wala jina la Kiingereza, na kielelezo kikaushwe na kupelekwa kwenye herbari pamoja na jina lililotajwa na lugha yake. John Kokwaro alionesha mwaka 1972, kwa kamusi yake ya mimea ya Kijaluo, kwamba kazi ya namna hiyo yawezekana kufanywa na mwana wa nchi kwa lugha moja. Likuyani, yenye lugha nyingi katika kata moja, inadai ifanywe kwa lugha kadhaa kwa pamoja, na Kiswahili kiwe daftari la wote. Jina litakaloonekana kufahamika na wengi ndilo lipewe nafasi ya kwanza katika kamusi.

La tatu linahusu jenasi yenyewe. Kwa kuwa Kiswahili huandika kinavyotamkwa, Moraea itakuwa morea. Hapa historia imetutendea jambo la kupendeza, maana hiyo ndiyo tahajia ya mwaka 1758, kabla ya herufi ya Linnaeus kuongezwa. Fasili yake iweze kutumika bondeni: "morea: mmea wa nyasi zenye maji ya msimu, wenye tunguu lililovikwa nyuzi na jani refu lenye mfereji, na ua lenye petali sita zisizoungana na stameni tatu, baadhi ya spishi zina sumu kwa mifugo." Fasili hii ina maneno yasiyozidi thelathini na kitu, lakini aliyeisoma anaweza kwenda na kurudi na mmea ulio sahihi.

Daraja la Hoey limekwisha kubadilishwa jina, na mashamba ya walowezi yana wenyewe wengine. Ua la bondeni lingali likiitwa kwa kumbukumbu ya mto wa Uingereza. Kulirekebisha hilo hakuhitaji bunge wala tume. Kunahitaji mtu mwenye kisu cha kuchimbia, daftari, na subira ya kuuliza majirani watatu wa lugha tatu swali moja.